Sekunde Kumi na Moja

Jalada lilikuwa jembamba mno kwa mtu anayekwenda kushtakiwa kwa kuua. Inspekta Akwero alihesabu kurasa mara mbili akapata tisa. Mwezi uliopita alifunga kesi ya kuku walioibwa hapo hapo Kawempe, na ile ilikuwa na kurasa kumi na nne.

"Soma, weka sahihi, tumalize," alisema Afande Komakech, mkuu wa upelelezi wa kituo, bila kuinua macho kwenye simu. "Saa tisa gari linampeleka mahakamani. Wewe ulikuwa likizo, wenzako wamefanya kazi yote."

Kazi yenyewe ilikuwa hii. Ijumaa, saa saba na dakika ishirini mchana, watu watano waliruka ukuta wa nyuma wa ghala la dawa, wakampiga risasi mlinzi aliyeitwa Okot, wakapakia makatoni ya dawa za malaria na kutoweka. Mlinzi wa pili, Abubaker Nasur, hakupata hata mkwaruzo. Wote wawili walikuwa wa kampuni ya ulinzi ya Mwamba Saba, na lindo lao lilikuwa na bunduki moja tu. Bunduki hiyo iliokotwa baadaye kwenye maua kando ya geti, risasi zake zote zimo.

Halafu palikuwa na video. Ilikuwa ya sekunde kumi na moja, imepigwa na mtu aliyekuwa akijaza mafuta ng'ambo ya barabara. Inamwonyesha Abubaker, mlinzi mwenye mvi, akitoka mbio getini, mdomo wazi, mikono mitupu, mpaka anafika lami. Hadi Jumatatu hii nusu ya Kampala ilikuwa imeiona, na chini yake watu walikuwa wameandika yale ambayo watu huandika wakiwa hawaonekani sura, wakianza na tusi wanalorushiwa Wanubi kama yeye. Anyanya. Mnubi ni Mnubi. Babu zao waliletwa na Mzungu na bunduki zake, hawa nao wanauza bunduki zetu.

Akwero aliitazama video mara tatu, akafungua tena ukurasa wa saba.

"Afande, hapa wameandika shati lake lililowa damu ya Okot."

"Ndiyo. Alisaidia kumuua, kisha akakimbia. Iko wazi."

Akwero aliiweka simu mezani mbele ya mkuu wake, akaisimamisha picha kwenye sekunde ya tano. Shati la mlinzi lilikuwa jeupe tangu kola hadi mkanda, safi kama limetoka kuanikwa.

"Damu ilimpata wapi, afande? Ilimfuata barabarani?"

Komakech aliitazama picha. Halafu akabadilisha mazungumzo. Alimkumbusha Akwero kwamba yeye ni Mwacholi, mtoto wa Gulu, kama yeye Komakech, kama marehemu Okot. Alimkumbusha mwaka wa sabini na mbili, wazee wao walioitwa gwaride kambini wakiwa na buti zilizong'aa na hawakurudi, na babu yake Akwero akiwa mmoja wao. Hakuhitaji kusema ni watu gani walioshika bunduki siku ile.

"Lisemwalo lipo, Akwero," alimaliza.

"Mwaka huo Abubaker Nasur alikuwa ananyonya," Akwero alijibu. "Nimeona tarehe yake ya kuzaliwa. Mnyonge mnyongeni, afande, lakini haki yake mpeni. Nipe mpaka saa tisa."

Komakech akampa, kwa kuwa shati lile jeupe lilikuwa bado linamkodolea macho pale mezani.

Abubaker alikuwa amekaa sakafuni mahabusu, mgongo umenyooka, kama mtu aliyeamriwa akae hivyo na anatii. Miaka ishirini na miwili jeshini haimtoki mtu mgongoni. Walimvua shati kwa ajili ya ushahidi na hakuna aliyekumbuka kumpa lingine, hivyo mzee wa miaka hamsini na mitatu alikuwa na fulana yenye matundu mbele ya mwanamke aliyelingana na bintiye. Akwero alivua sweta lake la kazi akampa kabla ya kuuliza lolote. Alilipokea kwa mikono miwili.

Alieleza kwa sauti ya chini. Kwa wiki nzima alikuwa akiwaona watu wawili wakipita nyuma ya ukuta, wakiupima kwa macho. Alimwambia msimamizi wao, Erinayo, Jumatatu, Jumatano na Alhamisi, akaomba bunduki ya pili na mtu wa tatu. Erinayo alicheka akasema Mnubi ni mwoga wa kuzaliwa. Ijumaa hakwenda msikitini kwa sababu hakutaka kumwacha Okot peke yake. Alisubiri adhana, akatandika mkeka pembeni ya kibanda cha geti, akaelekea kibla, mgongo kwa geti, bunduki ameiegemeza mlangoni hatua moja nyuma yake.

"Nilisikia gari. Nikasikia geti dogo nafunguliwa, na mutu natembea. Nikisha toa salamu nikaomba dua, nikageuka, bunduki hakuna."

"Ni nani mwenye ufunguo wa geti dogo, mzee?"

"Mimi, Okot, na musimamizi."

"Kwa hiyo ni Erinayo."

"Sikumuona, afande. Mutu akiwa mbele ya Mungu hageuzi shingo. Sasa niseme niliona, na sikuona?"

Akwero alimtazama mtu huyu ambaye jiji zima lilimwita mwongo, na ambaye hakutaka kusema neno moja la kujiokoa kwa vile hakuliona kwa macho yake. Alipandwa na hasira hata akasahau swali lililofuata. Abubaker akaendelea mwenyewe. Aliposikia kelele nyuma na mlio wa kwanza, hakuwa na kitu mkononi. Alikimbia kituo cha mafuta kumwomba mlinzi wa pale aje na bunduki yake. Yule mlinzi alimwambia Mnubi asimletee ujanja, akajifungia ndani.

"Halafu?"

"Nikarudi."

"Na nini mkononi?"

"Shoka. Nilichukua pale ng'ambo tu, sikuomba hata ruhusa. Wale watu walikuwa wanapanda gari. Nikatupa shoka, nikamushika Okot."

Akwero alirudi kwenye jalada. Shoka lilikuwemo, kielelezo cha pili, limeandikwa kuwa la wahalifu. Akamwuliza kama Okot alikuwa bado na uhai.

"Alikuwa nayo kidogo."

"Alisema kitu?"

Kwa mara ya kwanza mzee yule aliinamisha kichwa. "Hiyo ni ya bibi yake, afande. Nitamwambia yeye."

Mbele ya ghala, ng'ambo ya barabara, kulikuwa na banda la mabati ambapo Nasike, mama wa Kikenya kutoka Webuye, aliwapikia wapakiaji chapati na githeri. Jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa tano. Alikuwa shahidi aliyemwona mtu wa kanzu, na mtu wa kanzu ndiye aliyekuwa nguzo ya kesi nzima. Mwislamu aliyevaa kanzu, ukurasa ulisema, alitoka getini na bunduki muda mfupi kabla ya uvamizi. Wenzake Akwero walikuwa tayari wameandika hati ya kumkamata Abdul-Latif, mdogo wake Abubaker, dereva wa malori, kwa kosa la kuwa na kanzu nne nyumbani.

Nasike alikuwa akipasua kuni kwa panga. Lilikuwa panga butu, na gogo lilikuwa gumu. Kila pigo lilitoa kibanzi kimoja, na mama wa watu alikuwa akihema. Akwero alisimama akamtazama kwa muda.

"Mama, kwa nini unajitesa? Shoka lako liko wapi?"

Nasike aliweka panga chini. Alifuta jasho kwa leso, akaangalia ng'ambo kwenye geti la ghala, kisha akaangalia beji ya Akwero.

"Madam, mimi ni mgeni hapa. Kila kitu nikisema, naambiwa rudi kwenu Kenya."

"Mpini wake una waya umezungushwa karibu na chuma, siyo?" Akwero alikuwa ameliona lile shoka chumba cha vielelezo.

"Ni mimi nilifunga hiyo waya. Ulikuwa umepasuka."

Basi likafunguka lile lililokuwa limefungwa tangu Ijumaa. Mzee Abubaker alipita mbio mbele ya banda akielekea kituo cha mafuta, akarudi mbio zaidi, akalichomoa shoka kwenye gogo na kuingia nalo ndani ya geti huku risasi bado zikilia. Nasike alikuwa amelala chini ya meza yake, na ndiyo sababu alimwona vizuri, miguu hadi kichwa. Aliwaambia polisi jambo hilo. Walimwambia hawakumuuliza habari za kurudi, walimuuliza habari za kukimbia.

"Na huyu mtu wa kanzu?"

"Huyo alikuja mapema, saa saba imepita kidogo tu. Nilimwona mgongo. Akasimama nyuma ya mzee, mzee akisali, amesimama tu anamwangalia. Alafu akachukua bunduki, akaingia gari ya bluu, akaenda."

"Uliwaambia polisi ni Mwislamu?"

"Mimi?" Nasike alionekana kuchukizwa kweli. "Mimi nilisema kanzu. Hiyo ingine waliandika wenyewe."

"Kanzu tu, bila kitu kingine?"

"Kanzu na koti juu. Koti ya kijivu, hapa kwa viwiko imeshonwa kiraka ya ngozi nyeusi. Na viatu ya kamba, inang'aa. Kofia hapana."

Akwero alikaa kwenye benchi la wateja. Kanzu na koti. Hakuna mtu aliyekulia Kampala asiyejua vazi hilo. Kila wikendi, na siku hizi hata Alhamisi na Ijumaa, Waganda Wakristo kwa Waislamu huvaa kanzu, wakatia koti juu, wakaenda kwanjula, sherehe ya kujitambulisha kwa wazazi wa binti anayeposwa, na vikapu vya matunda. Wapelelezi watatu walioandika ukurasa wa tano wote wamewahi kuvaa hivyo, na mmoja wao alivaa hivyo siku alipooa. Lakini waliposikia kanzu karibu na Mnubi, ikawa ni kanzu ya msikitini. Mtu mzima anaweza kuifuta akili yake mwenyewe akishaamua nani ni mbaya. Akwero alilipia chai ambayo hakuinywa akapanda boda.

Bado palikuwa na maelezo ya Erinayo, na hayo yalikuwa mazito. Msimamizi huyo alieleza kwamba Ijumaa saa saba kamili alifika lindoni akakuta geti halina mtu. Kwa kuwa anawajua Wanubi, alikwenda moja kwa moja msikitini, mwendo wa dakika chache, akamwona Abubaker dirishani. Aliyaeleza kwa makini ya mtu aliyeona kwa macho yake. Abubaker alikuwa safu ya pili nyuma ya imamu. Wote walikuwa kimya kabisa, hata alisikia pumzi, naye hakutaka kukatiza ibada ya watu. Aliwahesabia walivyoinama mara nne, mpaka wakageuza shingo kulia na kushoto, wakamaliza. Hapo ndipo alipomwamuru Abubaker arudi kazini, akakaidi kwanza, akarudi kwa kujivuta.

Akwero alipiga simu msikitini. Katibu alijibu kwa uangalifu wa mtu aliyechomwa kabla. Msikiti unajaa watu mia nane siku ya Ijumaa, alisema, na mara ya mwisho polisi walipoomba majina, walioitwa mashahidi walilala ndani wiki tatu. Akwero hakumlaumu. Kwa hiyo lilibaki neno la Mnubi dhidi ya neno la msimamizi, na kila mtu alijua mizani hiyo huegemea wapi.

Alipofika kituoni, saa saba na robo, alimkuta mke wa Abubaker barazani. Munirah alikuwa amekuja na chakula tangu asubuhi, kikiwa kwenye kapu lililofunikwa tabaga, kile kifuniko cha ukindu wa rangi ambacho wanawake wa Kinubi husuka, na tangu asubuhi askari wa zamu walikuwa wakimwambia asubiri. Wakati huu alikuwa ametandika kitenge sakafuni na alikuwa akisali. Askari wawili walipita karibu naye wakicheka, mmoja akauliza kwa sauti kama bomu liko kapuni. Akwero aliwaita kwa majina yao na kuwapeleka kufagia uwanja wa nyuma, wote wawili, na vyeo vyao.

Kisha akasimama kumsubiri. Munirah alisimama, akainama, akasujudu, akasimama tena. Hakutoa sauti, midomo tu ilikuwa ikicheza. Akwero, Mkatoliki ambaye hajawahi kuhesabu sala ya mtu, alijikuta anahesabu. Aliinama mara nne. Akageuza shingo kulia, akageuza kushoto, akaanza kukunja kitenge.

Akwero alimsogelea.

"Mama, samahani nikuulize jambo. Sala ya Ijumaa msikitini iko hivi hivi?"

Munirah alimtazama kuona kama naye anatania. Alipoona hatanii, alimweleza kwa upole kama anavyoelezwa mtoto wa jirani. Hii aliyoswali ni adhuhuri ya kila siku, rakaa nne, na husomwa kimya. Ijumaa msikitini kuna hotuba, halafu imamu anaswalisha rakaa mbili, na anasoma kwa sauti, tena siku hizi kwa spika, mpaka wauza mkaa wa stendi wanasikia.

"Mbili? Siyo nne?"

"Mbili, binti yangu. Ukikosa msikiti, ukiwa kazini au ukiwa mwanamke nyumbani kama mimi, ndiyo utaswali nne zako kimya. Hata mtoto wa madrasa anajua."

"Lakini asiye Mwislamu hajui."

"Atajulia wapi? Labda akusimamie mgongoni akuhesabie."

Akwero alichukua kapu mikononi mwa Munirah, akalipeleka mahabusu yeye mwenyewe, akasimama mlangoni hadi Abubaker alipotia tonge la kwanza mdomoni. Halafu akampigia simu Erinayo. Alimwambia tu kuna sahihi moja imesahaulika.

Erinayo alifika saa nane, mchangamfu, akiwagawia salamu askari wote. Aliwahi kuwa sajini jeshini na bado alikuwa na kifua cha sajini. Alikuwa amevaa shati na tai, na kwa sababu mvua ya asubuhi iliacha baridi, alikuwa na koti juu. Lilikuwa la kijivu. Alipokaa na kuweka mikono mezani, Akwero aliona viraka viwili vya ngozi nyeusi viwikoni, vimeshonwa vizuri. Alijilazimisha kutazama karatasi.

Komakech alikaa kwenye kona. Akwero alimwomba aje asikilize, asiseme kitu.

"Nisaidie hapa tu, ssebo," Akwero alianza, akimwita bwana kwa Kiganda. "Msikitini. Una hakika walikuwa wanasali, siyo wanasikiliza hotuba?"

"Walikuwa nasali, nnyabo. Mimi nilisimama pale dirisha, naona yote."

"Walikuwa kimya."

"Kimya sana. Hata nzi ungesikia."

"Waliinama mara ngapi?"

"Nne. Mimi nilikuwa mwanajeshi, nahesabu kila kitu."

"Siyo mbili?"

"Nne, afande. Niliona na macho yangu."

Akwero aliyaandika yote, akamgeuzia karatasi, Erinayo akasaini kwa madaha. Ndipo alipomweleza, taratibu, yale aliyofundishwa barazani na mwanamke ambaye kituo kizima kilikuwa kimemfanyia dhihaka. Rakaa mbili, siyo nne. Kwa sauti, siyo kimya. Hapakuwa na msikiti hata mmoja Kampala ambao Ijumaa ile ungeweza kumwonyesha alichokiona.

"Lakini sisemi hukuona," aliendelea. "Uliona vizuri sana. Uliona mtu mmoja akiswali adhuhuri yake kimya, rakaa nne, kando ya kibanda cha geti. Ulisimama mgongoni kwake ukamhesabia. Ulipohitaji kumweka msikitini, ukaichukua sala ile ile ukaipeleka huko. Njia ya mwongo fupi, ssebo."

"Huyo Mnubi ndiyo nakudanganya."

"Huyo Mnubi amekataa kukutaja. Nimemuuliza, akasema hakukuona. Aliyekuona alikuwa ng'ambo ya barabara. Ameona kanzu, gari la bluu, na koti hilo ulilovaa, mpaka viraka vyake. Kwanjula ilikuwa ya nani?"

Erinayo aliangalia viwiko vyake. Aliishusha mikono chini ya meza, jambo ambalo halikumsaidia kitu, halafu akamtazama Komakech kama mwanamume mwenzake. Komakech alikuwa anaangalia ukuta.

Ilikuwa ya binti wa dada yake, huko Kisaasi. Ukoo wa bwana harusi ulikuwa unakuja na magari kumi na mawili, na Erinayo alikuwa ameahidi kwamba msafara utakuwa na ulinzi wa bunduki, ili watu waone. Bunduki zote za kampuni zilikuwa kazini. Akafikiri aiazime ile ya ghalani kwa saa moja tu. Alipopigiwa simu kwamba kumevamiwa, alirudi mbio, akaitupa kwenye maua. Aliyasema hayo harakaharaka, kama mtu anayeeleza kwa nini amechelewa kazini.

"Abubaker aliwahi kukuambia kuhusu watu wa ukuta wa nyuma?" Akwero aliuliza.

"Wanubi wanalalamika kila siku."

"Mara ngapi? Wewe ni mwanajeshi, unahesabu kila kitu."

"Tatu," alisema Erinayo.

"Na ulipomsingizia, hukuogopa kwamba tutachunguza?"

Hapo Erinayo aliinua uso, na kilichomuudhi Akwero kuliko yote ni kwamba hakukuwa na aibu usoni pale. Alionekana kushangaa kwamba anaulizwa.

"Afande, ningesema ni Muganda, mungeniuliza. Ningesema ni Acholi, mungeniuliza. Nikasema Mnubi. Ni nani aliuliza?"

Jibu lilikuwa pale mezani, kurasa tisa, na sahihi ya Komakech ilikuwa kwenye ukurasa wa mwisho.

Komakech aliinuka. Alichukua hati ya kumkamata Abdul-Latif akaichana vipande vinne, akavitia mfukoni badala ya kapuni. Kisha akaita askari wamfunge Erinayo pingu, akamwambia Akwero aandike jalada jipya tangu mwanzo. Kwenye mlango alisita.

"Na wale watano wenyewe, tutaanza na waliokuwa wanapima ukuta. Mzee aliwaona sura. Mwombe atusaidie," alisema. "Ukiona atakubali."

"Mwombe wewe, afande," Akwero alijibu.

Saa tisa kasorobo uwanja wa mbele ulikuwa umejaa. Watu walikuwa wamekuja kumwona Anyanya akipakiwa kwenye gari, simu juu, tayari kupiga picha. Mbele yao wote alikaa Amony, mjane wa Okot, kwenye kiti cha plastiki alicholetewa na ndugu zake, kichwa kimenyolewa. Simu yake ilikuwa mapajani. Alikuwa akiitazama ile video, na ilipoisha akaianzisha tena.

Abubaker alitoka bila pingu, amevaa sweta la Akwero lililombana mabegani, Munirah nyuma yake na kapu tupu. Kelele zilipanda. Mtu alirusha chupa ya maji. Akwero alisimama mbele na kusema kwa sauti kwamba huyu hakuhusika, kwamba aliyeichukua bunduki ya lindo yuko ndani amefungwa, na kwamba huyu alirudi peke yake na shoka mkononi. Wengine walishusha simu. Wengi hawakushusha, walikuwa wamekuja kuona kitu kingine.

Abubaker alimwendea Amony, akachuchumaa mbele ya kile kiti ili asimsimamie kwa juu. Ndugu mmoja alitaka kumzuia, Amony akamkataza kwa mkono. Akainua simu hadi usoni kwa mzee.

"Ulikimbia," alisema. "Huyu ni wewe."

"Ni mimi, mama. Nilikimbia kuomba bunduki. Nikanyimwa, nikarudi. Bwana yako hakukufa peke yake, alikuwa kwa mikono yangu."

Kwenye kioo mtu wa mvi alikimbia tena, akafika lami, video ikakatika. Amony aliitazama ilipokatika, kama anayesubiri iendelee.

"Alisema nini?" aliuliza.

Nyuma ya Abubaker mlango wa kituo ulifunguliwa, Erinayo akatolewa kuhamishiwa mahabusu kubwa, ameinamisha kichwa, koti la kijivu limefunikwa juu ya pingu. Mzee hakugeuka kumtazama.

"Aliniuliza bunduki iko wapi," alisema. "Aliniuliza mara mbili, na mimi sikujua la kumwambia."